Somo la Saba: Ngitili, Akiba ya Malisho

Katika nchi ya Wasukuma mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Mei. Kisha kiangazi hufika. Nyasi hukauka na ng'ombe hukonda. Mfugaji asiye na akiba ya malisho huweza kupoteza mifugo yake. Kwa sababu hiyo wazee wa Shinyanga walitenga sehemu za ardhi zilizoitwa ngitili.

Mvua zinapoanza, ngitili hufungwa. Mifugo haiingizwi humo. Nyasi hurefuka na kuangusha mbegu. Mnamo Julai au Agosti hufunguliwa sehemu kwa sehemu, ndama na wanyama dhaifu wakitangulizwa. Mkutano wa jadi uitwao dagashida huweka sheria, na anayezivunja hutozwa faini.

Kuanzia miaka ya 1920 misitu mingi ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Baadaye miti ilikatwa kwa ajili ya kuni na mashamba ya pamba. Watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, ngitili nyingi ziliachwa. Udongo ulibaki wazi, ukachukuliwa na maji na upepo. Akina mama walitembea mwendo mrefu kutafuta kuni.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wakati huo zilibaki hekta 600 hivi za ngitili. Kufikia mwaka 2004 zilizidi hekta 300,000. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa. Ardhi ilipopumzishwa, visiki vya migunga vilichipua vyenyewe.

Jaribio

1. Chukua masanduku mawili ya mbao yaliyo sawa. Katika moja weka udongo wenye nyasi zilizoota. Katika la pili weka udongo mtupu.
2. Inua upande mmoja wa kila sanduku kwa jiwe. Weka bakuli upande wa chini.
3. Mwagia kila sanduku maji kwa kopo lililotobolewa. Vipimo vya maji viwe sawa.

Maji ya bakuli lipi yana tope zaidi?

Nyasi hupunguza nguvu ya matone ya mvua, na mizizi hushika udongo. Ndivyo ngitili inavyolinda ardhi.

Maswali

1. Kwa nini ngitili hufungwa wakati wa mvua?
2. Kwa nini katika jaribio vipimo vya maji viwe sawa?
3. Mfugaji mmoja aingiza ng'ombe wake katika ngitili mwezi wa Januari. Eleza madhara yatakayowapata jirani zake mwezi wa Septemba.
4. Waulize wazee wa kijiji chako jinsi walivyohifadhi malisho zamani.