Mabaka, Panya na Istilahi: Kuieleza Vitiligo kwa Kiswahili

Makala haya yanashughulikia namna Kiswahili kinavyoweza kuueleza utafiti wa vitiligo, maradhi yanayoiondolea ngozi rangi yake na kuiachia mabaka meupe. Katika Nyeri, Karatina, Nanyuki na miji mingine ya Mlima Kenya mabaka hayo hayafichiki, kwani weupe hujitokeza waziwazi juu ya ngozi nyeusi. Mwenye mabaka huweza kudhaniwa kuwa na ukoma, ambao Wagikuyu huuita mangu. Yamkini dhana hiyo hulishwa pia na Mambo ya Walawi sura ya 13, inayozijadili alama nyeupe za ngozi chini ya jina la ukoma. Hata neno mbalanga, ambalo lingefaa, limewahi kuhusishwa na ukoma. Ilhali ukoma huletwa na bakteria na una tiba. Vitiligo haiambukizi kamwe.

Vitiligo hutokea pale kinga ya mwili inapoziua seli zinazotengeneza melanini. Hapa pana mtego wa istilahi. Ni rahisi kuyaita maradhi haya 'ugonjwa wa kingamwili', na jina hilo linasikika vizuri. Hata hivyo, katika vitabu vya biolojia kingamwili ni protini zinazonasa vimelea. Katika pemfigasi, maradhi ya malengelenge, kweli kingamwili ndizo zinazoishambulia ngozi. Katika vitiligo washambulizi wakuu ni seli T, aina mojawapo ya seli nyeupe za damu. Kwa hiyo 'ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili' ni jina refu, lakini halimpotoshi msomaji.

Kwa nini basi watafiti wakahitaji panya waliobadilishwa jeni? Sababu ni ya kimaumbile. Seli nyingi za rangi za panya hukaa katika mashina ya manyoya, ilhali za binadamu zimetapakaa pia katika tabaka la nje la ngozi. Panya wa kawaida akipatwa na maradhi ya aina hii, manyoya yake ndiyo yatakayogeuka meupe, na hayo si mabaka ya mgonjwa wa Karatina. Panya waliotumiwa walipewa jeni inayolifanya tabaka la nje la ngozi litoe protini ya kuzihifadhi seli za rangi humo. Kisha wakapandikizwa seli T kutoka kwa panya wengine, nao wamebadilishwa jeni ili seli zao zitambue protini ya seli za rangi. Baada ya majuma kadhaa masikio, mkia, pua na nyayo vilipauka, manyoya yakabaki na rangi yake.

Mwaka wa 2012 John Harris na wenzake walionyesha kwamba interferoni gama ikizuiwa, seli T hazikusanyiki ngozini na mabaka hayatokei. Mwaka wa 2014 walibainisha protini ya CXCL10, ambayo huziita seli T ngozini. Ilipozuiwa, hata mabaka yaliyokwisha kutokea yalianza kurejesha rangi. Protini hiyo ilikuwa nyingi pia kwa wagonjwa wenyewe. Interferoni gama hupitisha ujumbe wake ndani ya seli kwa njia ya vimeng'enya viitwavyo JAK, na ruksolitinibu huvizuia. Krimu ya dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwezi Julai 2022 kwa wagonjwa wa miaka 12 na zaidi. Hurejesha rangi kwa baadhi yao, usoni hasa, lakini haiponyi: ikiachwa, mabaka huweza kurudi.

Ikumbukwe kwamba panya huyu ni kielelezo, na neno hilo linafaa kuliko 'mfano', kwa vile mfano wa mgonjwa ungekuwa mgonjwa mwingine. Seli T zake zililetwa kutoka nje tayari zikiwa na shabaha. Binadamu hapandikizwi chochote. Kinga yake mwenyewe hugeuka, na jeni nyingi huchangia. Ni nini hasa kinachoigeuza kwa mara ya kwanza? Panya huyu hawezi kulijibu swali hilo, kwa kuwa katika maabara hatua hiyo imerukwa.