Mchungwa Unaokauka Kuanzia Nchani: Mafunzo Niliyopata

Hapa Muheza, mkoani Tanga, michungwa ndiyo inayolipa ada za watoto na kuezeka nyumba. Kwa hiyo matawi yanapoanza kukauka kutoka ncha kurudi shinani, wengi wetu hukimbilia duka la pembejeo. Shamba limenifundisha kwamba dawa ina kazi yake, na ina zamu yake.

1. Msumeno utangulie bomba. Tawi lililokufa halifufuliwi na dawa yoyote, nalo ndilo ghala la vijimbegu vya kuvu. Nakata wakati wa kiangazi, kabla mvua za masika hazijavisambaza, na nashuka hadi sehemu hai, mpaka ndani ya tawi pawe peupe pasipo michirizi ya kahawia. Matawi nayachoma. Msumeno naufuta kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine.

2. Kidonda kizibwe siku hiyohiyo. Natumia mrututu na chokaa, mchanganyiko wenye jina la Bordeaux, Ufaransa, ulikoanzia kwenye mizabibu miaka ya 1880. Uji wa kupaka ni gramu 100 za mrututu, gramu 100 za chokaa na lita 1 ya maji. Wa kupulizia, vipimo hivyohivyo kwa lita 10. Vaa glavu na miwani. Yeyusha kila kimoja kwenye ndoo yake ya plastiki, kisha mimina mrututu ndani ya chokaa. Chovya msumari unaong'aa: ukitoka na rangi ya shaba, ongeza chokaa, la sivyo majani yataungua.

3. Dawa juu, kuvu rafiki chini. Trikoderma ni kuvu inayopambana na kuvu zinazoozesha mizizi. Naichanganya na samadi iliyoiva, yenye unyevu, na kuifukia udongoni chini ya kivuli cha mti. Dawa ya kuvu kama kabendazimu huiua nayo pia, hivyo siimwagi kwenye udongo huo.

4. Shaba iliyo ndani ya mrututu haiozi. Ikidondoka udongoni hubaki humo, ikajilimbikiza mwaka hadi mwaka. Napulizia panapohitajika tu.

5. Mti wenye kiu huugua kwanza. Kuvu ya Lasiodiplodia huweza kujificha ndani ya mchungwa wenye afya, ikaibuka ukame au majeraha ya panga yanapoudhoofisha. Matandazo, yasiyogusa shina, ni kinga pia. Jirani akiniuliza apulizie nini, kwanza namuuliza mti wake unapata maji kiasi gani.