Amarilisi Zangu Ni Majani Tu

Bwana Shamba, nina kibanda cha vioo nyuma ya nyumba hapa Leicester, Uingereza. Amarilisi nilizonunua zilitoa maua mekundu Krismasi ya kwanza, kisha basi. Sasa ni majani matupu, ingawa nazimwagilia kila siku, mwaka mzima. Nimekosea wapi?
Msomaji, Leicester

Mwanangu, maji yako hayana likizo, na amarilisi haiwezi kuishi hivyo. Hizi za dukani ni machotara wa mimea ya Amerika ya Kusini, hasa Brazili, Peru na Bolivia. Wengi wa wazazi wao wamezoea mvua, kisha ukavu: wakati wa mvua wanakula, ukavu ukiingia wanalala.

Ua la msimu ujao huumbwa ndani ya tunguu, kwa chakula kinachotengenezwa na majani. Kwa hiyo maua yakinyauka kata bua lake, majani uyaache. Kuanzia Machi hadi Agosti yape mwanga wa kutosha, na kila wiki mbili mbolea ya maji ya kukuzia nyanya. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole: udongo wa juu ukiwa bado na unyevu, ngoja.

Katikati ya Septemba acha maji na mbolea. Majani yatageuka njano; usiogope. Laza vyungu ubavu chini ya meza kwa wiki nane hadi kumi, penye nyuzijoto 10 hadi 13. Kibanda kisicho na hita hakifai wakati huo, maana baridi ya kugandisha huozesha tunguu. Ingiza vyungu ndani.

Baada ya hapo badilisha udongo wa juu, mabega ya tunguu yabaki wazi, uweke chungu penye nyuzi 20 hivi. Mwagilia kidogo pembeni, kamwe si shingoni, mpaka chipukizi litokeze. Aina ya Hippeastrum papilio usiikaushe kabisa: majani yake hubaki mabichi mwaka mzima, ipunguzie maji tu.

Sasa bonyeza matunguu yako. Lililo gumu na nene lilaze msimu huu. Lililosinyaa lina njaa: lishibishe kiangazi kizima, na maua uyadai mwaka unaofuata. Na yaweke mbali na jikoni. Yanafanana na vitunguu, lakini yana sumu.