Kinga dhidi ya Ukimwi: Kwa nini tembe hubaki kichupani

Mwulize mgonjwa kama anameza dawa kila siku, naye atakujibu, “Ndiyo, daktari,” ilhali kichupa bado kimejaa. Mimi hujibiwa hivyo mara nyingi.

Jambo hili liliwashangaza madaktari Jeanne Marrazzo wa Marekani na Mike Chirenje wa Zimbabwe, walioongoza utafiti ulioitwa VOICE. Kuanzia mwaka wa 2009, wanawake 5,029 wasio na virusi vya Ukimwi katika Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe walipewa tembe au jeli ya kujikinga, wengine wakipewa isiyo na dawa ili kulinganisha. Kwa maelezo yao wenyewe, karibu asilimia 90 ya dawa ilitumika. Damu ilisema mengine. Dawa ilipatikana katika chini ya thuluthi moja ya sampuli zilizopimwa, na matokeo ya mwaka wa 2013 yalionyesha kwamba hawakukingika.

Je, dawa ilikuwa mbovu? La. Katika utafiti mwingine uliofanywa Kenya na Uganda, wenzi ambao mmoja wao ana virusi walitumia tembe hizo, na maambukizi yakapungua kwa asilimia 75. Hao walijua hali ya kila mmoja. Tembe zilikaa mezani, si chini ya godoro.

Wanawake wa VOICE walipoonyeshwa baadaye matokeo ya damu yao na kuulizwa kwa upole, walifunguka. Waliogopa madhara ya dawa. Waliogopa pia jirani akiona tembe atasema ni mgonjwa, au mpenzi atauliza anajikinga dhidi ya nani. (Swali hilo la mwisho, msomaji, limewanyamazisha wengi.) Ndiyo maana siku hizi namwuliza mgonjwa anaiweka wapi dawa yake, na nani anajua.

Tembe hizi, ziitwazo PrEP, zilianza kutolewa katika hospitali za umma nchini mwaka wa 2017. Ni lazima upimwe virusi kwanza. Mwanamke huhitaji kuzimeza kila siku kwa takriban wiki moja kabla ya kutegemea kinga yake, na hazizuii kisonono wala mimba, kwa hiyo usiitupe kondomu. Ukiona huwezi kuzificha wala kuzieleza nyumbani, mwambie daktari mapema. Sindano ya lenakapavia, inayodungwa mara mbili kwa mwaka, ilijaribiwa kwa wanawake 2,134 Afrika Kusini na Uganda. Kulingana na matokeo ya mwaka wa 2024, hakuna hata mmoja wao aliyeambukizwa.