Mfadhili si Mdhamini: Pesa za Kamari na Klabu ya AFC Leopards

Mijadala kuhusu pesa katika kandanda ya kiwango cha juu hupenda kuanzia kwa Neymar, aliyenunuliwa na Paris Saint-Germain mwaka 2017 kwa yuro milioni 222. Kwa shabiki wa Funyula, katika Kaunti ya Busia, kiasi hicho ni kama ngano. Biashara ya soka ilimfikia kwa njia nyingine, nayo ni simu ya mkononi.

Klabu ya Abaluhya iliundwa mwaka 1964 kwa kuunganisha timu za jamii mbalimbali za Waluhya, Wasamia wa Funyula wakiwa miongoni mwao. Mwaka 1980, serikali ilipokataza majina ya kikabila, ikawa AFC Leopards. Ilitegemea wanachama na viingilio vya mlangoni. Migogoro haikukosekana, lakini ilitwaa Kombe la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982 hadi 1984.

Mwaka 2016 kampuni ya kamari ya SportPesa iliingia mkataba na Leopards na Gor Mahia. Mwaka uliofuata jina lake likawa kifuani mwa Everton ya Uingereza. Shilingi ya mcheza kamari wa Funyula ikawa inasaidia kulisha Nairobi na Liverpool kwa pamoja. Mnamo Agosti 2019, kufuatia mvutano na serikali kuhusu leseni na kodi, kampuni ilisitisha ufadhili wake wa michezo nchini. Wachezaji wa Leopards wakapitisha miezi bila mishahara. Everton iliendelea kuvaa jina lile lile hadi mwisho wa msimu wa 2019/20.

Magazeti huandika "mfadhili" na "mdhamini" kana kwamba ni neno moja. La kwanza linatokana na fadhila, la pili na dhamana. Fadhila hukatizwa wakati wowote. Everton ilikuwa na pesa za televisheni, tiketi na jezi, hivyo kuondoka kwa mmoja hakukuifunga. Leopards ilikuwa imekwisha kupoteza fungu la SuperSport, iliyojitoa katika ligi mwaka 2017, na viingilio vilikuwa haba. Kutoka Funyula hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 400, ilhali kibanda cha kutazamia ligi ya Uingereza ki karibu na soko. Shabiki alikuwa amebaki na mapenzi ya klabu bila kadi ya uanachama, na kampuni ilipoondoka hakuwa na mkutano wa kuulizia pesa zake zilikokwenda.