Windows 7 Ikigoma Kuingia: Angalia Imegomea Wapi

Laptopu ya zamani ikianza kujivuta, kujizima ovyo au kukwama kabla ya kufunguka, ushauri wa mtaani ni ule ule: piga Windows upya. Ni ushauri mzuri tu. Mashine ikiwa nzima, kazi hiyo haimalizi saa mbili. Tabu huanza pale inapogoma katikati. Mwenye mashine hurudia tangu mwanzo, kwa flashi ile ile na njia ile ile, mwishowe anaambiwa diski imekufa, anunue nyingine. Kabla hujatoa hela, jiulize: imegomea wapi? Kila hatua ya usakinishaji, yaani kuingiza mfumo kwenye mashine, hutegemea kifaa fulani. Pale ilipogomea ndipo pa kuanzia kutafuta.

Hapa tutaichukua Windows 7, iliyotoka Oktoba 2009, kwa sababu bado imo kwenye Dell, HP na Lenovo nyingi zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika, maofisini, shuleni na kwenye maduka ya fotokopi.

Je, kuna haja ya kubaki nayo? Inategemea kazi yako. Microsoft iliacha kuihudumia bure tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo matundu ya usalama yanayogunduliwa hayazibwi tena. Kivinjari cha Chrome kiliishia toleo la 109 kwa watu wa Windows 7, na Firefox ikaishia toleo la 115. Kama unataka mashine ya kuingilia benki, barua pepe na mitandao ya kijamii, mimi ningekushauri uweke Linux Mint. Ni mfumo wa bure na hata mashine ya makamo inaumudu. Lakini kama una printa ya zamani isiyokubali mfumo mwingine, au programu ya mahesabu ambayo aliyeitengeneza hapatikani tena, basi Windows 7 ina nafasi yake. Iache ifanye kazi hiyo, na ikiwezekana usiiunganishe na intaneti.

Mafaili yako je? Haya ndiyo ya kwanza, kabla ya jambo lolote. Ukifomati diski, yaani kuifuta ili ianze upya, picha na nyaraka zinaondoka nayo. Kama mashine haifunguki kabisa usikate tamaa. Mint inaweza kufunguka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Ifungue, ingia kwenye diski yako, nakili folda zako kwenye diski ya nje, halafu ndipo uendelee. Na kama ulishasakinisha bila kufomati, fungua diski C utafute folda iitwayo Windows.old. Mara nyingi vitu vyako vya zamani vimehifadhiwa humo.

Sasa vifaa. Utahitaji flashi ya GB 8, kompyuta nyingine inayofanya kazi, na nakala ya Windows 7. Kama una DVD halisi iliyokuja na mashine, itunze sana, maana Microsoft imeshaiondoa nakala hiyo kwenye ukurasa wake wa kupakulia. Toleo la biti 64 lina takribani GB 3, kwa hiyo ukilipakua mahali pengine hesabu bando mapema. Jihadhari na nakala zinazouzwa zikiwa "zimeshafunguliwa" zisidai ufunguo. Aliyezichokonoa ili zisiulize ufunguo hakuzuiliwa kupachika kirusi humo humo. Ufunguo wako halali, herufi na tarakimu 25 katika mafungu matano, kwa kawaida uko kwenye stika chini ya laptopu au ndani ya tundu la betri. Upige picha sasa hivi, kwa kuwa stika hizo hufutika. Soma pia aina iliyoandikwa hapo. Ufunguo wa Home Premium haufungui Professional.

Biti 32 au 64? RAM ikiwa GB 2, weka 32, ni nyepesi zaidi. Ikiwa GB 4 au zaidi, weka 64, kwani ile ya 32 haiwezi kuitumia yote.

Ili kuiweka nakala kwenye flashi, tumia programu ndogo ya bure iitwayo Rufus. Kwa mashine ya zamani chagua MBR na BIOS kwenye visanduku vyake. Kunakili faili tu na kulibandika kwenye flashi hakutoshi, mashine haitaliona.

Hatua ya kwanza ya kugoma ni pale mashine inapoipuuza flashi na kuendelea na mambo yake. Hapo kosa liko kwenye mpangilio wa kuwasha. Zima, washa, na papo hapo bonyeza kwa kurudiarudia kitufe cha menyu ya kuwashia. Kwenye Dell, ThinkPad na Toshiba nyingi ni F12. Kwenye HP ni Esc kisha F9. Itatokea orodha fupi, chagua flashi. Ikijitokeza mara mbili, moja ikiwa na neno UEFI mbele yake, chagua isiyo na neno hilo.

Hatua ya pili huwachanganya wengi. Usakinishaji umeanza, rangi za Windows zimetokea, halafu unaletewa ujumbe huu: "A required CD/DVD drive device driver is missing". Mtu anakwenda kuhangaikia tundu la DVD ilhali DVD haihusiki hata kidogo. Draiva ni programu ndogo inayoufundisha mfumo kuongea na kifaa, na Windows 7 ilitoka bila draiva ya USB 3. Angalia matundu ya USB. Lenye ulimi wa bluu kwa kawaida ni USB 3, lenye ulimi mweusi ni USB 2. Bonyeza Cancel mpaka urudi kwenye skrini ya mwanzo, chomoa flashi, ichomeke kwenye tundu jeusi, kisha bonyeza Install now upya. Mara nyingi inaendelea hapo hapo. Isipoendelea, huenda nakala yako ina kasoro au ilichomwa vibaya. Itengeneze tena kwa Rufus.

Hatua ya tatu ni kuchagua diski. Ukiambiwa diski ni ya mtindo wa GPT na Windows haiwezi kuingia, maana yake diski ilipangwa kwa namna ya mashine mpya, labda iliwahi kuwa na Windows 8 au 10. Kama mafaili yako yako salama kwingine, bonyeza Shift na F10 kwa pamoja. Litafunguka dirisha jeusi. Andika diskpart, bonyeza Enter, kisha list disk. Soma ukubwa kwa makini, maana flashi yako nayo imo kwenye orodha. Kama diski ni namba 0, andika select disk 0, kisha clean. Amri hiyo ya mwisho inafuta kila kitu bila kuuliza mara mbili. Funga dirisha, bonyeza Refresh, endelea.

Na kama orodha haina diski yoyote? Ingia BIOS, ile programu iliyohifadhiwa kwenye mazabodi inayoamka kabla ya Windows. Kwenye Dell ni F2, HP ni F10. Tafuta sehemu ya SATA. Ikiwa imewekwa RAID, ibadilishe iwe AHCI, kisha hifadhi. Diski isipoonekana hata ndani ya BIOS, ichomoe na kuichomeka tena. Ikiendelea kutoonekana, hapo ndipo yule anayesema diski imekufa anaanza kuwa na hoja.

Hatua ya nne ni kunakili. Asilimia zinapanda, halafu zinasimama, au inatokea namba ya kosa kama 0x80070570 au 0x80070017. Zote mbili zinalalamika kwamba faili halisomeki sawasawa. Washukiwa ni watatu, nami ningewafuata kwa mpangilio wa gharama. Anza na flashi au DVD, jaribu nyingine. Kisha RAM: zima mashine, toa chaji na betri, na kama ina vipande viwili vya RAM ondoa kimoja ujaribu, halafu uvibadilishe. Hii haigharimu chochote zaidi ya bisibisi. Diski iwe ya mwisho. Ikigonga-gonga kwa sauti ya "tik tik", au mashine nyingine nayo ikishindwa kuisoma, ibadilishe, na ukibadilisha chukua SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka. SSD ya GB 120 inatosha Windows 7 na nyaraka za ofisi, na mashine itakuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa ilipokuwa mpya. Kwa fundi, uliza bei ya kifaa na bei ya kazi kila moja peke yake, na diski ya zamani urudishiwe, kwa sababu bado ina mambo yako.

Hatua ya tano ni kichekesho, ila inawapotezea watu siku nzima. Mashine inajizima na kujiwasha, kama inavyotakiwa, kisha usakinishaji unaanza tena tangu kuchagua lugha. Mtu anafuata tena, inajiwasha tena, inarudi pale pale. Hakuna kilichoharibika. Mashine imewaka kutoka kwenye flashi mara ya pili badala ya kwenye diski. Inapojiwasha mara ya kwanza chomoa flashi, au usibonyeze kitufe chochote ikikuomba ubonyeze.

Kuna pia skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B. Inasema Windows imeshindwa kuifikia diski ambayo yenyewe imo. Ikitokea kwenye mashine iliyokuwa nzima hadi jana, tazama saa yake kwanza. Tarehe ikiwa imerudi miaka mingi nyuma, betri ndogo ya kidonge iliyo kwenye mazabodi imeisha, na BIOS imesahau mipangilio, pamoja na ile ya SATA. Rudisha AHCI kama ilivyokuwa, na badilisha betri. Jina lake ni CR2032, inauzwa hata kwenye maduka ya saa na kwa wauza rimoti za magari, na bei yake ni ndogo. Nimeona mashine zikifutwa kila kitu kwa sababu ya betri hiyo. Saa isiyo sahihi pia hufanya tovuti nyingi zikatae kufunguka, ukadhani mtandao ndio mbovu.

Umefika ndani, lakini skrini ina maandishi makubwa na Wi-Fi haipo. Hilo ni la kawaida, zinakosekana draiva. Nenda kwenye tovuti ya aliyetengeneza mashine ukitumia kompyuta nyingine, andika modeli au namba ya utambulisho iliyo chini yake (kwa Dell ina herufi na tarakimu saba), pakua draiva za Windows 7. Anza na ya chipset, kisha mtandao, kisha skrini. Huna kompyuta nyingine? Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe kipengele cha kushiriki intaneti kwa USB. Mara nyingi Windows 7 huitambua.

Kifaa kisichojulikana huwa na alama ya njano kwenye Device Manager. Kibonyeze kulia, fungua Properties, kisha Details, uchague Hardware Ids. Ukiona VEN_8086 ni cha Intel, VEN_10EC ni Realtek, VEN_14E4 ni Broadcom. Hapo unajua wa kumtafuta.

Windows Update ikigoma, kwanza hakikisha una Service Pack 1. Kisha pakua na kuweka kwa mkono masasisho mawili, KB4490628 halafu KB4474419, kwa mpangilio huo. Bila hayo Windows 7 haitambui saini mpya ambazo Microsoft inaweka kwenye masasisho yake tangu 2019. Ufunguo wa stika unaweza kuuingiza baadaye kidogo. Unazo siku 30 tangu kusakinisha.

Kila kitu kikishakaa sawa, draiva zote, printa na programu yako ya mahesabu, chomeka diski ya nje, fungua Control Panel, ingia Backup and Restore, uchague Create a system image. Itatengeneza nakala ya mashine nzima. Tengeneza pia diski ya ukarabati kwenye ukurasa huo huo, CD moja tupu inatosha. Siku nyingine ikichafuka, unairudisha nakala hiyo kwa diski ya ukarabati, bila kutafuta draiva hata moja.