SOMO: Misemo ya Kiingereza na Pesa za Kikundi



Tuseme mliomba msaada wa tangi la maji. Jibu linakuja kwa Kiingereza, na ndani yake imeandikwa: "The group will foot the bill for transport." Katibu anajua "foot" ni mguu. Anawaambia wenzake, "Hapa ni mambo ya kutembea kwa miguu tu." Wote wanakubali, sahihi inatiwa. Kumbe barua inasema kikundi ndicho kitakacholipa usafiri! Siku lori linafika, dereva anadai pesa zake, na mweka hazina hana hata shilingi.

Tusimcheke katibu. Hata sisi tukisema fulani ana mkono wa birika, hatuzungumzi juu ya birika, tunasema ni mchoyo. Mgeni akitafuta neno moja moja kwenye kamusi atapotea. Kiingereza nacho ni hivyo hivyo.

Hii hapa misemo mitano inayofaa kujulikana:

1. "Foot the bill": kulipa gharama. Jumla ya bili huandikwa chini kabisa, yaani mguuni mwake.

2. "In the red": kuwa na deni au hasara. Wahasibu walizoea kuandika hasara kwa wino mwekundu. Kinyume chake ni "in the black". Msiogope huo weusi, ni habari njema: hakuna deni.

3. "No strings attached": msaada usio na masharti. Lakini "with strings attached" ni msaada wenye masharti. Neno moja dogo linageuza mambo yote.

4. "Red tape": taratibu nyingi za ofisi zinazochelewesha kazi. Zamani huko Uingereza karatasi za serikali zilifungwa kwa utepe mwekundu.

5. "White elephant": mali ya gharama kubwa isiyo na faida. Husimuliwa kwamba mfalme wa Siam, ambayo leo ni Thailand, akimchukia mtu alimpa zawadi ya ndovu mweupe. Kumlisha tu kulimfilisi! Mashine ya kusaga ikiletwa mahali pasipo na stima wala dizeli, ni ndovu huyo huyo.

Basi tufanye nini?

Barua ikija, isomwe mbele ya wote. Pigeni mstari chini ya maneno yasiyoleta maana. Muulizeni mwalimu aliye karibu. Mkiwa bado na shaka, mwandikieni aliyetuma barua aeleze kwa maneno rahisi. Kuuliza si aibu. Aibu ni kutia sahihi kwa jambo usilolielewa, halafu wanachama wakalipa.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, kikundi chetu leo kiko "in the red" au "in the black"? Mweka hazina aeleze, daftari likiwa wazi mbele ya wote.
2. Kuna "white elephant" hapa kijijini? Tulifikaje hapo?
3. Msaada wa mwisho tuliopata ulikuwa na masharti gani? Nani aliyajua?